Mjomba Amezama

"Shika kushoto, mjomba! Wamepitia kwenye kinu cha kusagia nafaka."

Nestan Margiani alikata usukani. Niva ikayumba, ikarusha theluji, ikajitosa kushoto katikati ya misonobari.

"Nimekupata, mjomba," alijibu redioni.

Wageni huchekeshwa na maongezi ya namna hiyo. Kwa kina Nestan mkubwa humwita mdogo kwa jina la udugu lililo lake mwenyewe: mama humwita bintiye mama, na mjomba humwita mpwa wake mjomba, hata kama mpwa ni mwanamke mwenye bastola ya Makarov kiunoni. Jumber Naveriani alikuwa kaka wa mama yake. Ndiye aliyemlea, akamfundisha kuendesha gari kwenye theluji, akamwingiza katika Idara ya usalama. Siku hizi goti lilimsumbua, kwa hiyo alikaa nyumbani mjini Mestia kando ya jiko na kumwelekeza kwa redio.

Mbele kulikuwa na gari la walanguzi, Delica nyeusi. Ndani yake sanduku la madini ya risasi, na ndani ya sanduku unga wa mionzi wa kutosha kuwaua taratibu watu wa soko zima. Kileleni pa njia ya mlimani ya Latpari wanunuzi walisubiri na helikopta.

Delica isifike kileleni. Amri ilikuwa hiyo tu.

Kinu kikatokea. Nestan akatazama chini.

Theluji safi. Hakuna alama hata ya sungura.

Kabla hajakanyaga breki, ardhi ilitoweka. Niva ikazama hadi milangoni.

"Mjomba, nimezama. Na huku hajapita mtu!"

"Basi walioniarifu wamenichezea shere." Jumber alicheka kidogo. "Usihangaike, utaunguza klachi bure. Vijana wanakuja kukuvuta. We kula kubdari aliyokufungia Lamara."

Lamara alikuwa mke wa Jumber, na mkate wake wa nyama ulikuwa bado una uvuguvugu. Nestan alitii. Akauma tonge moja.

Redio ya pili ikakoroma kitini. Ilikuwa Baofeng aliyonyang'anywa mlanguzi juma lililopita. Mkuu wa Idara alimkabidhi Nestan kimyakimya, wala Jumber hakujua.

"Kilele, Kilele. Mjomba amezama kwenye kinu. Waondoe wenye bunduki."

"Mjomba gani tena? Mzee wa nani huyo?"

"We punguza maswali. Nimesema asiguswe!"

Nyuma ya sauti hiyo injini ya dizeli ilinguruma kwa gia nzito, ikipanda mlima.

Nestan akaacha kutafuna.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita yeye mjomba. Mtu huyo hakuwa kando ya jiko, na goti lake lilikuwa zima kama la kijana. Nestan aliumia. Aliumia kama mtoto aliyeachiwa mkono katikati ya soko na mtu aliyemleta. Akatema tonge dirishani.

Kisha akashuka.

Ukizama usikanyage mafuta, toa upepo. Nani alimfundisha? Yuleyule. Aliminya vali mpaka tairi zikalala bapa, akafunga waya wa winchi kwenye msonobari, akabonyeza. Waya ukalia. Niva ikajikongoja, ikatoka.

Barabara ilizunguka mlima mzima. Wakata mbao walikuwa na njia fupi zaidi: ufa wa kuteremshia magogo, mwinuko mtupu, upana wa gari moja.

Gia nzito. Mguu mwepesi. Kioo cha pembeni kiling'olewa na tawi, na Nestan hakugeuka kukitazama.

Alifika barabarani kabla yao. Aliukaza waya toka mti hadi mti, usawa wa taa za gari, akajibanza.

Delica ikachomoza konani, ikagonga waya, ikainama upande, ikanasa kwenye theluji.

Mgeni aliyekaa kando ya dereva alitoka na bastola mkononi. Makarov ikatangulia. Mgeni akaanguka ameshika bega.

Jumber alibaki na mikono kwenye usukani.

"Umepandia njia ya magogo," alisema, na Mungu amsamehe, uso wake ulijaa fahari. "Na upepo umetoa. Nilikufundisha vizuri, mjomba."

"Shuka."

"Nilikuokoa, unajua? Wale walitaka kukumaliza. Nikawaambia asiguswe."

"Na watu wa sokoni, wao uliwaombea kwa nani?"

Jumber akaangusha macho kwenye usukani.

"Ukanipa mkate," Nestan alisema. "Nitulie nile, wewe upite. Mkate wa Lamara, jamani!"

"Mjomba, nisikilize..."

"Bwana Naveriani. Shuka, mikono kichwani."

Jina hilo ndilo lililompiga. Tabasamu lilimtoka, akashuka bila kuchechemea hata kidogo.

Nestan alimfunga mgeni kitambaa begani, akawafunga wote wawili pingu kwenye kiti cha Delica, akawaachia hita ikiwaka. Sanduku akalihamishia kwenye Niva. Kisha akachukua Baofeng.

"Kilele, hapa ni mjomba. Mzigo hauji."

Muda si mrefu helikopta ilisikika ikiondoka mikono mitupu.

Kubdari iliyobaki aliiweka mapajani mwa Jumber.

"Kula. Vijana wanakuja kukuvuta."

"Mjomba!" Jumber aliita. "Mjomba!"

Nestan alikuwa ameshafunga mlango wa Niva. Redio ya Idara ikaita.

"Umefikia wapi?" aliuliza mkuu.

"Sanduku ninalo. Wawili wana pingu."

"Safi sana! Mjomba wako simpati redioni. Nimtume mtu nyumbani akampe habari njema?"

Nestan alitia gia.

"Sina mjomba, mkuu," alisema, akaanza kuteremka.