Mabega Yangu Yalipocheza

Nilisikia pumzi yake sikioni... kisha nikaona mgongo wake.

Kaka Onizuka, mlinzi wangu, ananipita!

Aisee, niliishiwa nguvu hapohapo. Nikamaliza wa mwisho.

Wasomaji wangu, huku kwetu Japani, kwenye keirin, mbio zetu za baiskeli za uwanjani, hukimbii peke yako. Watu wa mkoa mmoja mnapanga mstari. Kijana anakaa mbele, anakata upepo. Mkubwa anakaa nyuma yake, anawazuia wapinzani kwa bega. Na mpangilio huo mnautangaza siku moja kabla, wacheza kamari wote wasikie. Ni ahadi ile!

Sasa Onizuka, mtu mzima na mvi zake, kazi yake ni kutuchosha vijana halafu kutukimbia.

"Pole, Tokunaga. Niliona umeisha, mdogo wangu," akaniambia huku anatabasamu.

Mshenzi.

Nilibakiza mbio moja tu. Nisiposhinda, pointi zangu hazitoshi, nafutwa kazi. Na nikapangwa na nani? Na huyohuyo!

Kabla ya mbio tunafungiwa bwenini, simu zinachukuliwa, huna pa kumkwepa mtu. Nikamkuta kwenye bafu la pamoja, kajitandaza kwenye maji ya moto kama kiboko, anawapa wenzake somo.

"Kijana akiisha, mabega yanacheza. Ukiyaona tu, usingoje. Mpite!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, mvuke umenificha.

Muda wa kutangaza ulipofika nikasema, "Kesho nakaa mbele. Kaka Onizuka nyuma yangu."

"Safi sana! Hiyo ndiyo heshima, dogo!"

Heshima... yeye!

Kesho yake, katikati ya mbio, kengele ikalia, umebaki mzunguko mmoja na nusu. Miguu yangu mizima kabisa, nguvu yenyewe sijaitoa.

Nikayachezesha mabega. Kushoto... kulia... kama mlevi anayetafuta mlango.

Wee! Jamaa akachomoka!

Nami nikamganda nyuma. Akakata upepo wote peke yake, mtu wa watu. Kona ya mwisho mabega yake yakaanza kucheza. Yake yalikuwa ya kweli!

Nikampita karibu na mstari. Nimeshinda! Kazi yangu imepona! Yeye akawa wa mwisho, na wazee waliomwekea hela wakamzomea kwa jina.

Akanifuata hadi chumba cha kubadilishia nguo.

"Umenitega! Msaliti mkubwa wewe!"

"Kaka, mimi nilikaa nilipotangaza. Aliyemkimbia mwenzake ni nani?"

Akageuka, akatoka na mlango akaubamiza.

Na hiki ndicho kinachonichekesha mpaka leo, jamani. Angebaki tu nyuma yangu kama alivyoahidi, mabega yangu yangecheza bure, na mjinga ningekuwa mimi. Mtego ule haukuwa na uwezo wa kumnasa mtu mwaminifu.

Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi hata kidogo.