Wimbo Hauanzi Bila Yadira

"Busu! Busu! Busu!"

Uwanja mzima mjini Puebla, Meksiko, ulikuwa unadai kwa sauti moja, na mwanamume waliyetaka ambusu mwanamke mwingine alikuwa mchumba wangu.

Amadeo alicheka. Akanitupia jicho huku nyuma nilikokuwa, mimi na kinanda changu, kisha akamshika kiuno Renata, mwimbaji mwenzake, akambusu. Si shavuni.

Masikioni mwangu ikaingia sauti ya Tacho, mpiga ngoma wetu: "Yadi, usiangalie kule. Niangalie mimi na sura yangu mbaya. Haya, moja, mbili, tatu..."

Watu hawakumsikia. Jukwaani wote tulivaa visikilizio vilivyofanya kelele za watu zitufikie kwa mbali tu, na tulikuwa na vipaza viwili vya ndani, kimoja kwa Tacho na kimoja kwangu. Ukikanyaga swichi yake, unasikika na bendi peke yake. Ndivyo tulivyoambiana "rudia kiitikio" au "gitaa limetoka nje ya sauti" bila mashabiki kujua.

Tuliposhuka nilimfuata Amadeo chumba cha kubadilishia nguo.

"Ilikuwa mdomoni, Amadeo."

"Walitaka busu. Ningewapa nini, mkono?"

"Shavu lingetosha."

"Yadi, mpenzi, tunatembeza albamu mpya. Kampuni inataka watu waamini kuna kitu kati yangu na Renata. Unadhani kwa nini 'Mlango wa Nyuma' unapigwa redio zote?"

"Kwa sababu ni wimbo mzuri. Na niliuandika mimi."

"Tuliuandika."

"Niliuandika mimi, nikakuandikia wewe, enzi zile unaingilia mlango wa nyuma wa jikoni kwetu kama paka kwa sababu mama hataki kukuona sebuleni. Sasa kila mji tunaofika wewe unawaambia watu ni wa Renata."

Akanibusu paji la uso. "Ni maigizo tu. Tukimaliza Guadalajara yanaisha. Tutafunga ndoa, Tacho atatuvisha mabegani lile lazo lake, ile kamba ya shanga ya kuwaunganisha maharusi, tutacheza mpaka viatu vipasuke. Nivumilie kidogo."

Nikavumilia. Mimi si mtu wa kugomba. Nikikasirika machozi hutangulia, na maneno hufika kesho yake.

Asubuhi mama alituma ujumbe kutoka Guadalajara: *Mwanangu, mikono ya gauni nimemaliza. Padri ameuliza tena kama tarehe ni ileile. Mwambie huyo paka wako siku hizi mlango wa mbele uko wazi.*

Nilimwonyesha Amadeo. Akausoma, akatabasamu kidogo, akanirudishia simu.

"Mama yako bwana," alisema. Basi.

* * *

Kilichonivunja kilitokea León, mchana, wakati wa kupima sauti.

Nilikuwa kwenye kinanda nimevaa visikilizio. Tacho alikuwa ameacha ngoma zake, ameketi ukingoni mwa jukwaa na visikilizio vyake masikioni, anakula mkate uliojaa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa na pilipili, wa León wenyewe. Amadeo akaenda kukaa kwenye kigoda cha Tacho, nyuma kabisa, na Renata akasimama karibu naye. Walidhani wako peke yao. Amadeo hakuangalia mguu wake ulipokanyaga.

"Umemwambia?" Renata aliuliza, ndani ya masikio yangu.

"Bado."

"Amadeo! Mama yake anashona gauni. Si wewe mwenyewe uliyeniambia?"

"Nitamwambia tukishamaliza Guadalajara. Nikimwambia sasa ataondoka, na 'Mlango wa Nyuma' unaanza na kinanda chake. Asipoanza yeye, hakuna wimbo. Hakuna wimbo, hakuna ziara."

"Na mimi niendelee kujificha?"

"Siku mbili tu. Nakupenda wewe, Renata, unajua hivyo. Yadira ni... Yadira ni mtu mzuri."

Tacho aliacha kutafuna. Kidole changu kilikuwa juu ya noti moja, nikaendelea kuipiga hiyohiyo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Tacho akaja mbio, mchuzi wa pilipili unamchuruzika mkononi.

"Vua hivyo vidude. Twende stendi, nakupeleka kwa mama yako sasa hivi. Halafu narudi kumvunjia fimbo za ngoma kichwani."

"Fimbo zako mpya hizo, Tacho."

"Nitatumia za zamani."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio palepale. Akanikinga kwa mgongo wake mpana ili watu wasinione.

"Siondoki," nilisema nilipoweza kusema. "Nataka aniambie mwenyewe."

"Si umesikia kwa masikio yako?"

"Nimesikia akimwambia mtu mwingine. Mimi hajaniambia. Miaka minne, Tacho. Nastahili kuambiwa usoni."

Tacho akavuta pumzi. "Haya, dada. Lakini akikuambia uongo tena, fimbo za zamani ninazo."

Kesho yake, kwenye basi la bendi kwenda Guadalajara, nilikwenda kuketi kando ya Amadeo. Nje mashamba ya mkonge wa kutengenezea pombe ya tekila yalikuwa yameanza kuonekana, buluu kote, ishara kwamba nyumbani si mbali.

"Amadeo, una neno la kuniambia?"

"Neno gani?"

"Lolote."

"Nina njaa." Akacheka. "Mama yako atatupikia nini?"

"Harusi ipo?"

"Sasa hilo nalo swali? Gauni si limekwisha?"

Swali juu ya swali. Nikageukia dirisha. Nilikuwa nimempa mlango, hakuingia.

* * *

Guadalajara ilijaa mpaka ngazini. Mama alikuwa mstari wa mbele, amevaa nguo zake za kanisani, amekumbatia mkoba wake kama mtoto.

Tulipofika kwenye wimbo wetu taa zilipunguzwa. Amadeo akasogea mbele.

"Wimbo huu," aliwaambia watu, "niliuandika kwa ajili ya mwanamke anayeniachia mlango wazi." Akamnyooshea mkono Renata. Uwanja ukalipuka.

Ilikuwa zamu yangu kuanza. Nikaweka mikono magotini.

Ukimya. Miluzi miwili, mitatu. Amadeo akageuka, tabasamu bado liko usoni.

"Mpiga kinanda wetu leo ana aibu!" alisema, na watu wakacheka. Kisha akatembea hadi kwenye ngoma, akainamia kipaza cha Tacho, akakanyaga.

"Yadi, anza."

Nikakanyaga changu. "Harusi ipo?"

"Umechanganyikiwa? Watu wanangoja!"

"Hata mimi nangoja. Jana León ulikanyaga hiyohiyo swichi. Nilisikia yote."

Alikuwa amewapa watu mgongo, kwa hiyo uso wake tuliuona sisi tu. Ulizeeka mbele yangu. Akamtazama Tacho.

"Mimi usinitazame," Tacho alisema. "Jibu."

"Tutaongea nyumbani, Yadi. Nakuomba."

"Nyumbani kuna gauni, Amadeo. Mama yangu yuko pale chini, tukitoka hapa ataniuliza tarehe. Sitaki kumdanganya. Sema neno moja tu. Sitakupigia kelele, na wimbo nitaupiga mpaka mwisho. Ipo?"

Renata naye alikuwa na visikilizio. Alisimama pale mbele, kichwa chini, mikono imeshikana.

Watu walianza kupiga makofi ya kutuharakisha. Maelfu ya watu walidhani ni mbwembwe za onyesho.

"Haipo," Amadeo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu sana, kama zamani alipokuwa akininong'oneza jikoni. "Nisamehe. Haipo."

Machozi yalikuja, lakini safari hii hata maneno yalikuja nayo.

"Asante. Rudi mbele. Nakuhesabia."

Nikahesabu, nikaanza.

Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Kwenye kiitikio alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akabaki ameshika kipaza kwa mikono miwili. Na mimi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya ziara nzima: nikavua visikilizio.

Miji yote ile nilikuwa nasikia vizuri sauti yake tu. Sasa nikawasikia wao. Walikuwa wanaimba wenyewe, vijana, wazee, wasichana waliokaa mabegani mwa wenzao, kila neno nililoliandika mezani kwetu: *ingia, nimekuachia taa, mlango wa nyuma sijaufunga*. Hawakuhitaji mwimbaji. Walinihitaji mimi niendelee, nami niliendelea mpaka noti ya mwisho.

Nyuma ya jukwaa Tacho alinifuata, ameshika mfuko wa kitambaa. Ndani kulikuwa na lazo la shanga nyeupe.

"Nalitunza," alisema. "Akija mwenye akili, niite. Asipokuja, namfunga nalo Amadeo kwenye lori la mizigo."

Mama alifika akihema.

"Huyo paka wako mbona amenipita bila salamu? Nimemwita kabisa."

"Mama, haji tena. Harusi haipo."

Hakuuliza kwa nini. Akanifuta uso kwa kiganja chake, kigumu kwa sindano na uzi.

"Na ule wimbo uliuandika wewe," alisema.

"Umejuaje?"

"Ile ni jikoni kwangu. Kwani ulidhani nani alikuwa hafungi ule mlango usiku?"

Akanishika mkono, tukaenda nyumbani. Nilikaa sebuleni, viatu mkononi, gauni jeupe limetundikwa pembeni yangu. Mama akapita bila kuliangalia, akaingia jikoni, na nikasikia ufunguo ukizunguka mara mbili, ukiufunga mlango wa nyuma.