Gallagher kwa Gallagher

"Funga hiyo kompyuta kabla sijaitupa motoni!" Attracta alifoka.

Dervla hakuifunga. Jumamosi alikuwa anaolewa na Fiachra, mwana wa Attracta huyu huyu. Na aliyemwomba amtafutie asili yake ni Bibi Bríd, mama mzazi wa Attracta, aliyekaa kando ya moto.

"Mama," Dervla alimwambia Attracta, "faharasa ya waliozaliwa huandika jina la ukoo la mtoto, halafu ukoo wa mama yake kabla hajaolewa. Kwa Bibi yote mawili ni Gallagher, kama ilivyo kwa mtoto asiye na baba."

"Ukaona umemnasa mwanaharamu! Hapa kwetu Donegal Gallagher anaoa Gallagher kila uchao, binti. Au huko Dublin ulikosoma hawakukufundisha?"

"Nililifikiria hilo. Ndiyo maana nikaagiza cheti kamili. Pa baba ni patupu. Mama aliyeandikwa ni Nóra."

Attracta akaketi. Nóra walimjua wote: dada mkubwa wa Bibi, asiyeolewa, aliyefua na kupika humu ndani hadi anakufa.

"Nóra," Bibi alinong'ona. "Nilimzika kama dada. Hata kumwita mama mara moja..."

Fiachra, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akamvuta Dervla nje, kwenye manyunyu.

"Mwambie mama ulikosea. Sema huyo ni Bríd mwingine."

"Bibi ameshasikia, mpenzi. Nimrudishie uongo?"

"Ana miaka tisini! Ukweli utamfaa nini sasa?"

"Muulize yeye. Ndiye aliyeutaka."

"Nakuuliza wewe. Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda mpaka naumwa."

"Basi omba radhi."

Dervla aliingia garini akaondoka. Alipofika kwao, simu ikalia. Ujumbe wa Fiachra:

"Padri anasubiri jibu. Mama anasema ukiomba radhi harusi ipo, usipoomba haipo. Na mimi siwezi kumpinga mama. Tafadhali, Derv."

Akampigia. Nyuma ya sauti ya Fiachra alimsikia Bibi akilia, na Attracta akimwambia anyamaze, majirani watasikia.

"Derv? Neno moja tu. Nakuomba."

"Mwambie padri asifungue kanisa," alisema Dervla, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni. "Siombi radhi."