Gari Lililomwelewa Ezekia

Mikono-fundi ilishuka kutoka darini kimyakimya, ikalikamata gari la Nyamizi kwa uangalifu wa mama anayemtoa mtoto kwenye beseni, ikaanza kulivua. Milango ikaenda kushoto, viti kulia, betri ikateleza juu ya reli hadi chumba cha kupozea. Hata tone la grisi halikudondoka. Katika Kituo cha Magari cha Msafara, jijini Dodoma, wateja walitazama haya yote kupitia kioo kipana huku wakinywa chai ya tangawizi, na mara nyingi gari lilikwisha kuchunguzwa hadi skrubu ya mwisho kabla kikombe hakijapoa.

Nyamizi hakuigusa chai yake. Juzi, katikati ya Barabara ya Kasi, gari lile lilifunga breki ghafla likidai kuna ng'ombe mbele. Hapakuwa na ng'ombe. Mumewe, Ezekia, alikuwa ndani peke yake, na lori lililokuwa nyuma lilimkwepa kwa upana wa kiganja.

Mhandisi wa kituo, mwanamume mpole aitwaye Kulwa, akaja kuketi karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie tu."

"Ni ubongo-uongozi. Ile sehemu inayoona, inayoamua na inayokumbuka. Umechakaa, ndiyo maana unaona vivuli. Tutaweka mpya, wenye dhamana yetu, na leo hii hii unaondoka nalo."

"Na yale liliyojifunza?"

Kulwa hakumficha. "Yataondoka. Kumbukumbu zimesokotana na sehemu iliyoharibika. Nikizihamisha, nahamisha na ugonjwa. Bodi itakuwa ile ile, mama, lakini gari halitawajua."

Nyamizi akainamisha kichwa. Gari hilo Ezekia alikuwa amelibatiza Soprano, kwa ile sauti yake nyembamba. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa kuongea na kuimba tangu asubuhi, mpaka kiharusi kilipomshika ulimi. Tangu hapo maneno yake yalitoka yamevurugika, na watu wakawa wanamwitikia tu kwa kutikisa kichwa. Soprano halikutikisa kichwa. Lilisikiliza, likakisia, likakosea, likakisia tena, miaka nenda rudi, hadi likamwelewa. Lilimpeleka kwa kinyozi na kumwambia kinyozi anavyotaka kunyolewa. Hata nyumbani, kipaza sauti kidogo kilichounganishwa na gari kilikaa juu ya meza ya chakula, kikisema kwa ufasaha yale aliyoyasema kwa shida.

"Lirudishieni vitu vyake kwanza," Nyamizi akasema. "Nataka kumwona fundi mwingine."

"Una haki hiyo, mama. Ila naomba usiliendeshe. Tutalivuta hadi huko."

Fundi mwenyewe alikuwa Skolastika, mwanamke mnene mcheshi aliyewahi kufanya kazi Msafara, akaacha na kufungua gereji yake Chang'ombe kwa sababu, kama alivyopenda kusema, alichoka kutazama magari kupitia kioo. Gereji yake ilinuka mpira na mafuta. Redio ilikuwa inaimba. Nyamizi alifika hapo pamoja na Ezekia, na Skolastika aliposikia shida yao hakucheka.

"Kulwa amesema kweli, dada. Ila kuna jambo moja naweza kulijaribu," akasema. "Naunganisha kisoma-ubongo hiki, shemeji anaongea, nami naona sehemu gani inaamka. Zile zinazoshika usemi wake zikiwa mbali na zile za macho, naweza kukata upande mbovu nikaacha mzuri. Dhamana itakufa, na Barabara ya Kasi hawatakuruhusu tena. Utazungukia mitaani."

"Mitaani panatutosha."

Ezekia akasaidiwa kuketi ndani ya gari. Skolastika akazima redio, akakata sauti ya Soprano ili isimchanganye, akawasha kisoma-ubongo. Juu ya kioo chake kidogo yakatokea mawingu ya kijani.

"Haya shemeji, sema chochote."

Ezekia akasema. Yalikuwa maneno mengi, yamejaa mate na pumzi, na mwishoni akatabasamu. Mawingu yakacheza.

"Vizuri sana. Amesemaje, dada? Nilinganishe."

Bila kujua, Nyamizi alikuwa amegeuza uso kutazama dashibodi, akingoja Soprano limweleze. Soprano lilikuwa bubu.

"Sijui," akasema.

Skolastika akadhani hakusikia. "Aliyosema sasa hivi."

"Nimesikia, fundi. Sijaelewa. Sijui mume wangu amesema nini."

Miaka yote hiyo mezani alikuwa akimtazama Ezekia na kusikiliza gari. Hakuwahi kuona ubaya wake. Kwa nini mtu ajisumbue kufumbua, wakati kuna sauti nzuri inayokufumbulia?

Akaingia garini, akaketi, akaushika mkono wa mumewe. "Baba Tumsifu, rudia. Polepole."

Ezekia akarudia. Nyamizi akaitazama midomo ile aliyoipenda tangu usichana wake. Akakisia: "Unataka maji?" Ezekia akakataa. "Umechoka?" Akakataa, macho yakianza kucheka. Akarudia mara nyingine, na mara nyingine tena, bila hasira, kama alivyokuwa akiwarudishia waimbaji ubeti uliowashinda. Kisha neno moja likachomoza, na jingine likalifuata.

"Viatu," Nyamizi akasema. "Umesema... nimevaa viatu... tofauti?"

Akatazama chini. Kweli. Kwa wasiwasi wa asubuhi alikuwa amevaa kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, na kwenye kituo kizima hakuna aliyemwambia. Akacheka hadi machozi yakamtoka, na Ezekia akacheka naye, na Skolastika akalazimika kuegemea boneti.

Walipotulia, Skolastika akakitazama tena kisoma-ubongo chake, uso ukabadilika. "Nisikudanganye, dada. Usemi wake na yale macho vimelala mahali pamoja. Nikikata, natoa vyote. Nikiacha, siku moja litaona ng'ombe tena. Ningekuwa mimi, ningelirudisha kwa Kulwa. Breki na tairi niletee mimi, maana wale hubadilisha hata kisichoumwa."

Nyamizi akamgeukia mumewe. "Wewe ndiye unayepanda. Unasemaje?"

Ezekia akaugusa usukani, akaupapasa kidogo kama mtu anayeaga. Jibu lake lilikuwa fupi, na safari hii Nyamizi alilielewa mara moja.

"Lirudi," akamwambia Skolastika.

Ubongo mpya ulikuwa na sauti nzito, yenye adabu nyingi. Jumapili ya kwanza Nyamizi alivaa, akaketi mbele kando ya mumewe, mahali ambapo kwa miaka hakuwa na sababu ya kukaa. Ezekia akasema anakotaka kwenda.

"Samahani, sijaelewa," gari likasema. "Tafadhali chagua mahali kwenye skrini."

"Ngoja kwanza," Nyamizi akaliambia. Hata yeye hakuwa ameelewa. Akafungua mkanda ili aweze kugeuka vizuri, akamtazama Ezekia usoni.

"Rudia, baba," akasema. "Hatuna haraka."