Siku Uji Ulipopangiwa Saa Saba

Kila asubuhi katika shule yetu ya bweni, kule Changamwe, tulishika vikombe na kuelekea jikoni kwa utulivu wa watu waendao kutoa rambirambi. Siku moja ya mwaka 1997 tulikuta meko baridi. Mama Mwanatatu, mpishi mkuu, alikuwa ameketi akichambua maharagwe.

"Karatasi ya kompyuta yasema uji ni saa saba," alitujibu. "Nikadhani leo mwafunga, wanangu."

Sote tulimgeukia Dhahabu wa kidato cha pili, msichana asiyeweza kuona kitu kimefungwa asikifungue. Yeye ndiye aliyetunza programu ya ratiba. Programu nyingine ziliiuliza saa za shughuli, nayo ikazijibu.

Dhahabu alikuwa amegundua kasoro. Mwongozo uliobandikwa ukutani uliagiza saa zihesabiwe kuanzia usiku wa manane. Lakini aliyeitunga programu hiyo alihesabu kama tuhesabuvyo sote nyumbani, kuanzia alfajiri. Rafiki yake Achieng alitunga programu ya mitihani kwa kufuata mwongozo. Alipoiuliza ratiba kuhusu mtihani wa saa mbili asubuhi, alijibiwa 2, na programu yake, iliyohesabu kuanzia usiku wa manane, ikatupangia mtihani wa hesabu saa nane za usiku. Basi Dhahabu akairekebisha ratiba ifuate mwongozo. Uji wa saa moja ukawa 7, na programu ya jikoni, ambayo haikuambiwa lolote, ikaandika saa saba.

Mwalimu Nguma, msimamizi wa chumba cha kompyuta, alimwita.

"Abee, mwalimu."

"Kesho mitihani inaanza. Watu wakikosa uji tena, ufunguo wa chumba cha kompyuta nitaushika mimi."

Mchana kutwa Dhahabu alikodolea kioo cha kompyuta macho. Akirudisha majibu ya zamani, tungefanya mtihani gizani. Akiyaacha mapya, tungeufanya na njaa. Achieng alisema jikoni waandikiwe programu nyingine, lakini hapakuwa na muda.

"Kwani ni lazima iwe na jibu moja?" Dhahabu akauliza ghafla.

Swali la zamani akalirudishia jibu lake la zamani. Kando yake akaongeza swali jipya, lenye kujibiwa kwa kufuata mwongozo, na Achieng akaielekeza programu yake huko. Walichapisha karatasi zote mbili, ya jikoni na ya mitihani, na kuzisoma kabla ya kuzipeleka.

Kesho yake uji ulichemka mapema, na mtihani ukaanza saa mbili, kwa masikitiko ya wengi wetu. Mwalimu Nguma alimwachia Dhahabu ufunguo wake.

"Kosa uliliona sawasawa," alisema. "Ila wenzako walikuwa wamekwisha kulizoea na kulitegemea. Ukitaka kunyoosha jambo, uliza kwanza nani analitumia. Mfungulie njia mpya, mjulishe, na ile ya zamani usiizibe mpaka ahame."

Dhahabu aliongeza maelezo hayo kwenye mwongozo, kisha akapeleka kikombe jikoni.

"Sasa ni saa moja yangu au yenu?" Mama Mwanatatu aliuliza, upawa juu.

"Yako, Mama," alijibu Dhahabu. "Mpaka utakapotuambia uko tayari."