Sifuri ya Loveness

Kila alipotoka shule, Loveness alipitia zahanati aliyoisimamia mama yake, nesi Secilia. Aliwaamkia wagonjwa waliokaa barazani, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Zahanati yenyewe ilikuwa ya mtu binafsi, kama zile zilizoruhusiwa miaka ile ya tisini, na mwenye zahanati aliishi Tanga.

Kompyuta hiyo haikuwa ya michezo. Ilichunga joto la friji ya chanjo, na joto likipanda ilipiga kengele. Ubaya wake ilikuwa na tabia ya kuganda. Ndiyo maana Fundi Tobia aliiwekea mlinzi, yaani programu ndogo, kwenye kiini cha mfumo wake, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kila kitu. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikikwama sekunde kumi bila kuitika, mlinzi aliizima kompyuta na kuiwasha upya. Loveness alisimama nyuma ya fundi, akaona yote aliyoandika.

Siku moja akajiambia kwamba kumi ni nyingi mno, mlinzi mzuri hangoji. Akaifuta, akaandika sifuri, wala hakumuuliza mtu. Kumbe kwa kompyuta ile sifuri haikuwa na maana ya "usingoje". Maana yake ilikuwa "usilinde".

Jumamosi moto wa friji, iliyotumia mafuta ya taa, ulizimika. Kompyuta nayo ikaganda, skrini ikabaki na namba ya mwisho, na safari hii hakukuwa na wa kuiamsha. Mzee Anord, mhudumu wa zamu, kila alipochungulia skrini alikuta nyuzi nne, akaridhika. Jumatatu nesi Secilia alikuta chanjo zote zimeharibika. Alipoizima kompyuta na kuiwasha, ikaonyesha ishirini na mbili. Mzee Anord aliapa kuwa aliona nne, lakini nani angemwamini? Ikasemekana alilala kazini.

Nje kina mama walikuwa wamepanda milima na watoto mgongoni, maana surua ilikuwa imeingia mabondeni. Wakarudishwa bila chanjo, wakashuka na ukungu. Loveness akamkuta Mzee Anord akikunja koti la kazi. Alikuwa ameachishwa kazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa upole uleule.

Roho ilimuuma Loveness, akakumbuka ile sifuri, akajua kabisa kosa ni la nani. Hata hivyo alinyamaza, siku zikapita. Kisha habari ikaja kwamba Tatu, mtoto wa jirani yao Zakia, mmoja wa wale waliorudishwa, ameshikwa na surua. Hapo Loveness alilia mpaka akashindwa kula, akamweleza mama yake kila kitu.

Fundi Tobia aliitwa, akaikuta ile sifuri, akarudisha kumi. Mwenye zahanati alimwomba radhi Mzee Anord na kumrudisha kazini. Chanjo mpya zikaletwa. Tatu alipona, lakini jicho lake moja halikuona tena.

Loveness alikwenda kumwomba mzee msamaha. Mzee alikuwa akipangusa utambi wa friji, na hakugeuka upesi.

"Kukosea namba nimekusamehe, hukujua, ingawa ungeuliza," alisema. "Lakini ulipita mbele yangu na shikamoo yako, uso umetulia kama ile skrini, na ndani unajua. Ukikosea, sema siku ileile. Kompyuta ikiganda, ina mlinzi wa kuiamsha. Wewe ukinyamaza, mwanangu, nani atajua?"