Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Nyumbani kwetu cherehani ndiyo huamsha watu. Mume wangu ni fundi wa nguo, na hukanyaga cherehani kabla hata hajanawa uso. Kazi yake iko chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Mimi hupiga pasi na kukunja mapindo. Mama mkwe hukaa kwenye kiti chake karibu na meza ya kukatia, akishona vifungo kwa mkono. Watoto walianza kumwita Bibi Vifungo, na sasa mtaa mzima unamwita hivyo. Mnawajua watu wanaokaa kimya kumbe wanasikia kila kitu? Basi huyo ni mmoja wao.

Kifua cha Bibi Vifungo si kizima. Ana pumu tangu ujana wake. Ugonjwa huu wa kirusi ulipoingia nchini mara ya kwanza, ulimlaza hospitali akipumua kwa mashine. Aliponea kwenye tundu la sindano. Mume wangu ni mtoto wake wa pekee. Siku ile nilimwona, mtu mzima na ndevu zake, akilia kwenye benchi la hospitali bila kujificha.

Basi redio ilipotangaza aina mpya ya kirusi, alitoa mguu kwenye cherehani.

"Ongeza sauti," aliniambia.

Mtangazaji alisema kirusi kimebadilika. Alisema aina hii mpya inaambukiza upesi kuliko ile ya kwanza.

Mtaani kila mtu akageuka daktari. Muuza mkaa alisema ni mafua tu yaliyopewa jina kubwa. Kinyozi alisema hizo ni habari za kututisha. Mwenye duka alifunga kamba mlangoni ili wateja wasimkaribie, kisha yeye mwenyewe akavaa barakoa chini ya kidevu. Watu walikuwa wamechoka na ugonjwa huu. Hata mimi nilikuwa nimechoka, siwafichi.

Lakini mume wangu hakutaka mchezo.

"Safari hii hakiingii humu," alisema. "Mama yangu harudi kwenye kile kitanda."

Akaweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Tukafuta mkasi. Tukafuta tepu ya kupimia. Tukafuta pasi. Tukafuta vifungo, jamani, kimoja kimoja. Binti yetu wa mwisho akauliza kama tutafua na uzi. Nikamwambia anyamaze, asimpe baba yake mawazo.

Sasa sikilizeni kosa letu lilikuwa wapi.

Siku hizo tulikuwa tunashona gauni jeupe la bi harusi, pamoja na magauni ya wasichana wa kumsindikiza na la shangazi yake. Barabara ya mbele ya nyumba yetu ni ya vumbi tupu. Fundi yeyote wa nguo nyeupe atakwambia adui yake ni vumbi. Gauni likichafuka kabla halijavaliwa, jina la fundi limekwisha. Kwa hiyo mume wangu akishika kitambaa cheupe, hufunga madirisha. Safari hii upepo ulikuwa unayasukuma. Akachukua nyundo akayapigilia misumari, la mbele na la nyuma. Kisha akatundika pazia zito mlangoni.

"Haya," alisema, akijipangusa mikono. "Vumbi haliingii, na kirusi hakiingii."

Chumba kikawa joto la tanuri. Tukashona huku jasho likitutoka. Bibi Vifungo alivuta dawa yake ya pumu mara kwa mara, lakini hakulalamika. Aliona mwanawe anampigania.

Alasiri moja, mama wa bi harusi alipiga simu.

"Fundi, kesho tunakuja kujaribu nguo. Tunakuja wote, mimi, bi harusi, wasichana na shangazi yake. Tumalize kwa mpigo mmoja."

"Karibuni sana," alijibu mume wangu.

Jioni ile ile jirani yetu alipita kuchukua sare yake, aliyokuwa ameileta tumbadilishie zipu iliyoharibika. Yeye ni nesi, na mtaani tunamwita Dada Nesi. Alisukuma pazia, akasimama pale pale mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani," alisema Bibi Vifungo.

"Nitaongea hapa hapa. Jirani, mbona humu hamna hewa?"

Mume wangu alikuwa anangoja kuulizwa. Akamwonyesha ndoo, sabuni na vitambaa vya kufutia.

"Tazama, dada. Tumefuta mpaka vifungo."

"Nimeona, na mmejitahidi. Kunawa mikono msiache. Lakini madirisha mmeyafungia nini?"

"Vumbi," alisema mume wangu. "Na hicho kirusi kipya."

"Jirani, kirusi hakirukii dirishani kutoka barabarani. Kinakuja na mtu. Kinapita mlangoni, tena kikipiga hodi."

Bibi Vifungo akacheka kidogo. Mume wangu hakucheka.

Ubao wa dirisha la mbele una ufa. Saa hizo jua la jioni lilikuwa linapenya hapo, likapiga mstari katikati ya chumba. Dada Nesi akaunyooshea kidole.

"Hebu kung'uta hicho kitambaa."

Mume wangu akakikung'uta. Nyuzi ndogo ndogo za pamba zikajaa kwenye ule mwanga.

"Ni manyoya ya kitambaa tu," alisema. "Chumba cha fundi hakikosi hayo."

"Yameanguka chini?"

"Hapana. Yanaelea."

"Endelea kuyatazama."

Tukatazama. Yalielea mbele ya meza. Yalielea mbele ya cherehani. Yakafika mpaka kwenye kiti cha Bibi Vifungo.

"Sasa nisikilizeni," alisema Dada Nesi. "Mtu mwenye kirusi akipumua, akiongea au akicheka, anatoa matone. Makubwa huanguka. Mengine ni madogo mno, madogo kuliko hayo manyoya, na huyaoni. Hayo huelea. Chumba kikifungwa, hayana pa kutokea. Mgonjwa anaweza kuaga akaenda zake, na hewa yake ikabaki humu. Aina hii mpya inashika watu kwa urahisi zaidi. Na anayekaa humu muda mrefu ndiye anayevuta hewa hiyo zaidi."

Sote tulimtazama Bibi Vifungo kwenye kiti chake.

Mume wangu aliketi. Uso ulimshuka.

"Kumbe nimemfungia mama yangu humu," alisema polepole.

"Bado hakijaingia," alisema Dada Nesi. "Kwa hiyo bado una nafasi. Fungua madirisha yote mawili, hewa iingie huku itokee kule. Kila anayeingia avae barakoa, ifunike pua na mdomo. Mwenye homa, kikohozi au koo linalowasha asije. Abaki kwake, apimwe. Nanyi hivyo hivyo."

Kisha akamgeukia mama mkwe. "Mama, chanjo ya kuongeza nguvu umeshapata?"

"Nilichanjwa zamani. Inatosha. Mkono uliniuma."

"Kifungo ulichokishona zamani kikilegea, unafanyaje?"

"Nakikaza."

"Na kinga ya chanjo hulegea. Kirusi kimebadilika, lakini chanjo bado inasaidia sana kuzuia ugonjwa mkali. Nenda ukaikaze. Na siku ukiona pumzi inakuwa nzito, usingoje kesho. Njoo hospitali."

Bibi Vifungo akanitazama. "Huyu mtoto ananisema kwa kazi yangu mwenyewe," alisema. Lakini nilijua amekubali.

Dada Nesi alichukua sare yake akaenda. Mume wangu alibaki akilitazama gauni lililotundikwa ukutani.

"Nikifungua, gauni litageuka kahawia," alisema. "Nisipofungua, ni mama."

Mimi hasira zikanipanda. Siyo kwake, kwa hali yenyewe.

"Baba watoto," nilimwambia, "umefunika chumba kizima na watu wake kwa ajili ya gauni moja. Si ulifunike hilo gauni?"

Alinitazama. Akatazama gauni. Kisha akainuka, akakata kitambaa chepesi, akashona mfuko mrefu wenye zipu mbele. Gauni likaingia lote, hadi mkia wake. Alipomaliza, alichukua nyundo akang'oa misumari, mmoja baada ya mwingine. Bibi Vifungo aliiokota yote na kuitia kwenye kopo lake la vifungo. Upepo ukaingia. Nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi ndefu, na mume wangu pia alisikia.

Kesho yake tulihamishia kazi ya kujaribu nguo uani, nyuma ya nyumba. Tulitundika mashuka mawili kwenye kamba ili mtu ajifiche anapovaa. Tukaweka benchi mbali kidogo. Bibi Vifungo alikaa chumbani kwake, dirisha wazi, tukamwambia asitoke.

Mama wa bi harusi alifika na kundi lake. Alipoyaona mashuka, akashika kiuno.

"Fundi, ndiyo nini hii? Tumekuwa mitumba, tutundikwe uani?"

"Samahani, mama. Ni kwa usalama wetu sote. Nitawapima mmoja mmoja, na barakoa zifunike pua."

"Barakoa nje? Wewe umezidi."

"Ninapopima mtu namsogelea sana, mama. Ndiyo maana."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao, barakoa ikining'inia sikioni. Sauti yake ilikwaruza.

"Una nini, shangazi?" nilimuuliza.

"Koo tu. Ni vumbi la barabara yenu hii."

"Umepimwa?"

"Nipimwe vumbi?"

Wasichana wakacheka. Mume wangu akavua tepu shingoni.

"Shangazi, nakuomba urudi nyumbani upumzike," alisema. "Gauni lako nitakuletea ulijaribu ukipona."

Mama wa bi harusi akasogea mbele.

"Unamfukuza wifi yangu? Basi nipe gauni la mwanangu. Mafundi wako wengi mji huu."

Nilimwogopea mume wangu wakati ule. Gauni lile lilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote, na mtaa mzima ulijua. Akaingia ndani. Akatoka na mfuko, ameubeba kwa mikono miwili.

"Hili hapa," alisema. "Ukitaka, lichukue. Gauni linaweza kushonwa upya, na fundi mwingine yeyote. Mama yangu yuko chumba kile pale, na kifua chake hakishoneki."

Mama wa bi harusi alinyoosha mkono. Bi harusi akaushika mkono ule.

"Mama, acha. Mimi nataka fundi huyu." Akavuta barakoa yake juu ya pua. "Shangazi, nisamehe, nenda ukalale. Sisi wengine tukae kwenye benchi."

Shangazi aliondoka amenuna. Mama mtu naye alinuna mpaka mwisho. Lakini nguo zilijaribiwa, moja moja, kwenye upepo, na gauni jeupe halikupata hata doa.

Habari zilitufikia wiki ile ile. Shangazi alipimwa, akakutwa na kirusi. Nyumbani kwao wakaumwa karibu wote, maana walikuwa wanalala madirisha yamefungwa. Mama wa bi harusi alilala hoi. Harusi ikasogezwa mbele.

Sisi tulipimwa. Hakuna aliyekutwa nacho. Usiku na mchana tuliendelea kuvaa barakoa tukiwa karibu na Bibi Vifungo, mpaka Dada Nesi alipotuambia basi. Bibi mwenyewe alikwenda kuchanjwa. Mkono ulimuuma, na alihakikisha kila mmoja wetu anajua.

"Ni dirisha lililotuokoa," mume wangu alimwambia Dada Nesi.

"Usiseme dirisha peke yake. Ni dirisha, barakoa, kukaa nje, na shangazi kurudi kwake. Kila kimoja kilipunguza hatari. Ndiyo maana hatuchagui kimoja tukaacha vingine."

Mama wa bi harusi alipopona, alikuja kuchukua gauni. Alikuwa amekonda. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama uani, barakoa juu ya pua.

"Mama yako hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anashona."

"Nilikusema vibaya, fundi."

"Yameisha, mama."

"Hayajaisha. Niletee huyo mama dirishani nimsalimie."

Wakasalimiana hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, wakaongea mpaka pasi yangu ikapoa.

Siku hizi kinyozi naye anafungua madirisha yake. Bado anasema redio inatisha watu, lakini anafungua.

Juzi tulipokea kitambaa kingine cheupe. Upepo ulivuma mchana kutwa na vumbi likapanda barabarani. Mume wangu akatazama dirisha. Mazoea yana taabu. Mkono wake ukaenda kwenye nyundo.

"Mama," aliita, "ile misumari uliiweka wapi?"

Bibi Vifungo alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Imo kwenye kopo."

"Na kopo liko wapi?"

"Nimelikalia. Kama una nguvu, njoo uninyanyue."

Mume wangu alisimama na nyundo yake. Kisha akaiweka chini, akachukua mkasi, akaanza kukata kitambaa cha mfuko.